Tuuze kiwanja tumwekee baba betri ya moyo?

Shikamoo mama,

Naandika kutoka Tanga. Mimi ni mtoto wa pili kwetu na wa kike peke yangu, kwa hiyo mambo yote ya hospitali ya baba yameniangukia mimi.

Baba ana miaka 61. Kazi yake ni kuchomelea. Mageti na madirisha ya nusu ya mtaa wetu yametoka mkononi mwake. Presha anayo tangu mimi niko sekondari, lakini dawa alikuwa anameza akijisikia vibaya, akipata nafuu anaacha. Mwaka jana, baada ya mfungo, akaanza kukosa pumzi. Mwanzoni ilikuwa akipanda ngazi, baadaye hata kutoka chooni kurudi kitandani. Usiku alilala amekaa, mito mitatu mgongoni, na miguu ilivimba mpaka kandambili hazimwingii. Alipopigwa eko, ile picha ya moyo, tukaambiwa moyo umepanuka na nguvu yake imebaki asilimia 27. Dar wakampiga na picha ya mishipa ya moyo, haijaziba. Wakasema ni presha ya muda mrefu.

Akaandikiwa dawa nne. Mwezi uliopita tulirudi kliniki, eko ikasoma vilevile, 27. Daktari akatandaza mezani karatasi ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, akasema umeme wa moyo unachelewa upande wa kushoto. Nimenakili yaliyoandikwa: QRS 160, LBBB. Akasema baba anafaa kuwekewa betri ya moyo yenye waya tatu, na ziko za aina mbili, ya kawaida na nyingine inayoweza kuushtua moyo ukitaka kusimama. Ya pili ni ghali zaidi. Tukapewa makadirio ya gharama, na tangu siku hiyo nyumba haina amani.

Baba mwenyewe hataki. Anasema, "Umeme nimeushika maisha yangu yote, naujua unavyoua, siuingizi kifuani." Tena anauliza: siku Mungu akimtaka, je, kile kidude kitaendelea kuupiga moyo wake huku roho imeshatoka?

Kaka yangu mkubwa yuko Maskati. Yeye amesoma kwenye intaneti kuhusu mashine nyingine za umeme, moja inawekwa shingoni, nyingine inachajiwa kwa nje kama simu, anasema hizo ndizo za kisasa na sisi tunapewa za zamani. Pia ana rafiki Ulaya anayeweza kumpatia betri iliyotolewa kwa marehemu, bei ya chini, aje nayo kwenye begi.

Baba mdogo anataka kiwanja cha Pongwe kiuzwe haraka, mteja anaye. Hati ina jina la baba, na baba hajaambiwa.

Mama naye amekopa kwenye kikundi akanunua mkeka wa umeme, ule wa kuweka miguu ukatetemeka. Aliyemuuzia alimwambia unasukuma damu na kukausha maji mwilini, hata dawa zitakuwa hazina kazi. Hapa ndipo penye jambo ambalo hatukumwambia daktari. Dawa ya kukojoa baba alikuwa akiiruka kila akiwa na safari au Ijumaa akienda msikitini, kwa kuogopa kukimbilia chooni. Na tangu mkeka uingie ndani, mama amemwachisha dawa mbili nyingine. Kwenye kadi zinaonekana zote anachukua.

Nifanye nini, mama? Nianzie kwa nani?

Binti Fundi, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Anzia kwa daktari, kabla ya kaka, kabla ya baba mdogo, na mwambie hilo la dawa. Mengine yote katika barua yako yanaweza kungoja wiki mbili, hilo haliwezi.

Nimefanya kazi wodi na kliniki za moyo mpaka nikastaafu. Mimi ni muuguzi, si daktari wa baba yako, na hayo majibu yake sijayaona kwa macho. Lakini naweza kukueleza daktari alivyowaza alipoitandaza ile karatasi. Kadi ilimwambia mgonjwa ametumia dawa nne kwa miezi, eko ikamwambia moyo haujasogea hata asilimia moja, akahitimisha kwamba dawa peke yake zimeshindwa. Miongozo ya madaktari wa moyo, ya Ulaya na ya Marekani, inataka mgonjwa wa namna hii anywe dawa sahihi kwa kiwango kinachostahili kwa muda wa miezi mitatu hivi, moyo upimwe tena, ndipo betri iamuliwe. Baba yako hiyo miezi mitatu hajaipata. Ile 27 ya pili ni kipimo cha moyo ambao haujatibiwa sawasawa.

Na moyo uliochoshwa na presha una sifa moja njema: mara nyingi husikia dawa. Utafiti wa nchi tisa za Afrika uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi, ulikuta umri wao wa wastani ni miaka 52 tu na chanzo kikubwa ni presha, karibu nusu yao. Huko Ulaya wagonjwa wengi ni wazee ambao mishipa ya moyo imeziba na sehemu ya msuli imeshakufa. Msuli uliokufa haufufuki. Wa baba yako, kwa maelezo yako, umechoka. Nimewaona wa presha walioletwa wamebebwa, wakatulia na dawa, wakarudi kliniki kwa miguu yao bila waya hata mmoja. Simwahidi baba yako hivyo. Umeme wake una kasoro ya kweli na huenda betri akaihitaji tu. Ila hamwezi kuuza kiwanja kwa kutumia kipimo ambacho ninyi wenyewe mnajua kina kasoro.

Msimrudishie dawa zote kwa mkupuo leo jioni. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama kavedilo na bisoprolo, zikiachwa kwa wiki kadhaa huanzishwa upya kwa kipimo kidogo kisha hupandishwa taratibu. Akirudia kipimo cha zamani ghafla anaweza kuzidiwa. Nenda na makopo na pakiti zote za dawa kliniki wiki hii, usingoje tarehe ya kadi. Daktari atakasirika kidogo, kisha atakushukuru. Ile ya kukojoa ina ufumbuzi mwepesi: muulize kama siku ya Ijumaa anaweza kuimeza baada ya kutoka msikitini badala ya asubuhi. Wengi huruhusiwa. Wanaume wengi huacha dawa hii kwa aibu ya choo kuliko kwa ukaidi, na hakuna anayewauliza.

Na mchunguze mfuko wa shati lake. Mafundi wana migongo, na dawa ya mgongo mtaani ni diklofenaki au brufeni. Zote mbili hushikilia maji na chumvi mwilini, huchosha figo, na hupunguza kazi ya baadhi ya zile dawa nne. Akiumwa mgongo, daktari atamwandikia nyingine.

Nunueni mzani. Apimwe kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya chai. Uzito ukipanda kilo mbili ndani ya siku tatu, hayo ni maji, awahishwe kliniki. Akianza tena kuamka usiku akitafuta pumzi, au akizimia, hiyo ni dharura, hakuna cha kungoja kuche.

Sasa mkeka. Mama yako simlaumu, amekopa kwa mapenzi. Aliyemuuzia ndiye ningependa kukaa naye. Kuamsha misuli ya miguu kwa umeme ni tiba inayojulikana. Wataalamu wa mazoezi ya viungo huitumia kwenye mapaja ya wagonjwa wa moyo walio dhaifu kiasi cha kushindwa kutembea, na tafiti ndogondogo zimeonyesha miguu hupata nguvu na mtu huongeza umbali anaotembea. Faida inaishia kwenye miguu. Haupunguzi maji yaliyojaa mwilini, wala hauponyi moyo, na hakuna mahali popote palipoonekana ukichukua nafasi ya dawa. Baba akija kuwekewa betri ndiyo kabisa, mkeka utoke ndani, maana umeme wake unaweza kuichanganya betri ikasoma mtetemo wa miguu kama mapigo ya moyo. Kama muuzaji anarudisha fedha, bahati. Kama harudishi, bora hasara ya mkeka.

Nije kwa baba, ambaye naona ndiye mwenye maswali ya maana kuliko nyote.

Anasema umeme anaujua. Basi azungumziwe kwa lugha ya fundi. Mashine yake ya kuchomelea inasukuma ampea 100 na zaidi. Betri ya moyo hutuma volti mbili tatu, ampea zake ni za kuhesabu kwa sehemu za elfu, na kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde. Mwenye nayo hausikii. Na moyo wenyewe, bila betri yoyote, unaendeshwa kwa umeme tangu yuko tumboni mwa mama yake: cheche inaanzia juu kulia, inashuka katikati, inagawanyika matawi mawili, kulia na kushoto, na chumba kikubwa cha chini kinajibana kwa pamoja. Kwake tawi la kushoto limekatika. Hiyo ndiyo LBBB uliyoinakili. Umeme unafika upande wa kushoto kwa kuzungukia, umechelewa, na 160 ni elfu za sekunde unazochukua kuenea. Kwa mtu mzima mwenye moyo mzima haizidi 120 hivi.

Mmekulia pwani, mmeona wavuvi wakivuta juya. Upande mmoja ukivuta wakati wa pili umelegeza, jasho linatoka na nyavu haisogei. Ukuta wa kati wa moyo wa baba unajibana kwanza, ule wa pembeni unafuata wakati wa kwanza umeshalegea, na damu inasukumwa huku na huko ndani badala ya kutoka. Waya ya tatu ndiyo dawa ya hilo. Mbili zinakaa kulia, ya tatu inapitishwa kwenye mshipa ulio nyuma ya moyo mpaka juu ya ukuta wa kushoto, na kuta zote mbili zinaamshwa kwa pamoja. Hafunguliwi kifua. Anachomwa ganzi chini ya mtulinga, kwa kawaida wa kushoto, kijimfuko kinatengenezwa chini ya ngozi, na kazi huchukua saa mbili tatu hivi akiwa macho au amepewa dawa ya usingizi mwepesi.

Kama anapenda habari za mafundi, mwambie na hii. Mtu wa kwanza duniani kupandikizwa betri ya moyo mwilini ni Msweden, Arne Larsson, mwaka 1958. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza kwa kumimina gundi ngumu kwenye kopo la dawa ya viatu. Kifaa hicho cha kwanza kilikufa baada ya saa chache. Larsson akabadilishiwa zaidi ya 20 katika maisha yake, akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86, akiwa amewazika daktari aliyempasua na mhandisi wake pia.

Swali lake la roho kutoka: hapana, betri haimzuii mtu kufa. Inaomba tu, na msuli ulio hai ndio unaojibu. Msuli ukikosa hewa na damu haujibu tena, hata betri ikiendelea kutuma cheche. Hiyo ya pili, ya kushtua, ndiyo ina jambo la kuzungumza mapema, kwa sababu inaweza kumpiga mgonjwa aliye katika saa zake za mwisho kwa ugonjwa mwingine. Ile sehemu ya kushtua huweza kuzimwa kutoka nje, bila kisu, mgonjwa mwenyewe, au familia akiwa hajiwezi, wakikubaliana na daktari. Wengi hawaambiwi. Muulizeni daktari mbele ya baba.

Na kazi? Hapa asifichwe. Kuchomelea na betri ya moyo si marafiki. Kuna viwango vya ampea na umbali wa kukaa na nyaya ambavyo watengenezaji huvitaja, hutofautiana kifaa na kifaa, na mtu mwenye ile ya kushtua yuko kwenye hatari kubwa zaidi kwa sababu inaweza kudhani uga wa sumaku wa mashine ni mapigo ya moyo yaliyovurugika ikampiga. Daktari ajue kabla ya kuchagua kifaa kwamba huyu ni fundi wa kuchomelea. Wiki nne hadi sita za mwanzo mkono wa upande wa betri hauinuliwi juu ya bega, waya zisijichomoe. Swala yake, namna ya kurukuu na kutia udhu kidonda kikiwa kibichi, amuulize imamu wake. Dini ina nafasi kwa mgonjwa.

Nimwambie kaka wa Maskati kwamba kusoma kwake kuna nusu ya ukweli. Betri ya waya tatu si ya zamani kwa maana ya kupitwa. Ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 813 wa Ulaya, nusu wakapewa dawa tu, nusu dawa pamoja na betri hii bila ile ya kushtua. Katika miezi 29 kwa wastani, waliokufa kwenye kundi la dawa walikuwa 30 katika kila 100. Kwenye kundi la betri, 20. Karibu theluthi ya wanaowekewa hawaoni nafuu ya maana, hilo nalo mlijue, lakini wanaonufaika zaidi ni wenye karatasi kama ya baba yako: tawi la kushoto limekatika, na namba ni 150 kwenda juu.

Ile anayosema inachajiwa kwa nje ipo kweli, Marekani iliiruhusu Machi 2019. Inatuma umeme mkubwa kidogo wakati moyo umeshaanza kujibana, hauongezi pigo, unaongeza nguvu ya pigo lenyewe. Mgonjwa anaichaji kama saa moja kwa wiki. Ilitengenezwa kwa ajili ya watu ambao umeme wao haujachelewa, wasiofaa betri ya waya tatu. Baba si mmoja wao. Ya shingoni nayo iliruhusiwa Agosti mwaka huohuo. Inagusa mahali mwili unapopimia presha na kuuambia ubongo ulegeze kamba. Watu walitembea mbali zaidi na kujisikia vizuri, lakini matokeo ya muda mrefu yaliyotolewa mwaka 2023 hayakuonyesha kwamba inapunguza vifo na kulazwa. Kuna na jamaa yake inayoamsha neva kubwa ya shingo. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 707, matokeo ya mwaka 2016 yakawa haina faida kwa vifo wala kwa kuzidiwa.

Kwa hiyo kaka asihesabu upya wa mashine. Mwaka 2013 hii hii ya waya tatu ilijaribiwa kwa wagonjwa 809 ambao umeme wao ulikuwa haujachelewa, kwa matumaini kwamba nao ingewafaa. Utafiti ulisimamishwa. Waliowashiwa betri walikufa 45, waliozimiwa 26. Kifaa ni cha aina ileile iliyowafaa wagonjwa wa ule utafiti wa mwaka 2005, moyo ndio tofauti.

Hilo la betri ya marehemu kwenye begi naomba lisirudiwe. Wazo lenyewe si la aibu. Kuna utafiti wa mwaka 2020 uliofuatilia wagonjwa 1,051 huko Mexico, Jamhuri ya Dominika, Guatemala na Honduras waliowekewa vifaa vilivyotolewa kwa wengine vikasafishwa na kupimwa upya Canada, na maambukizi hayakuzidi kwa kiwango cha kutisha kulinganisha na vipya: 2 kwa 100 dhidi ya 1.2. Lakini hao walipita kwenye mpango wa hospitali, betri imepimwa imebakiza miaka mingapi, imesafishwa na wanaojua, ina kumbukumbu. Kitu cha rafiki wa rafiki hakina lolote katika hayo. Hakuna daktari makini atakayekiingiza kifuani mwa baba yako, na kidonda kikioza, waya zote zinang'olewa moyoni. Hiyo ni operesheni ya hatari kuliko ya kuweka.

Ya kawaida au ya kushtua? Hapa hata madaktari wanabishana. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2016, wagonjwa 1,116 ambao moyo ulishindwa bila mishipa kuziba, kama baba, ulikuta kuongeza uwezo wa kushtua hakukupunguza vifo kwa jumla, ingawa walio na umri mdogo walielekea kunufaika. Baba kwa umri wake anaangukia upande huo wa wadogo. Muulizeni daktari swali hili kwa maneno haya: "Kwa huyu ambaye mishipa yake haijaziba, ya kushtua inamwongezea nini?" Kama aliwahi kuzimia au mapigo yalivurugika kwenye kipimo, jibu litakuwa moja. Kama hakuwahi, huenda ya kawaida inamtosha, na makadirio yenu yatapungua sana.

Kiwanja, mwanangu. Kina jina la baba na baba ana akili zake timamu. Mkiuza bila yeye kujua, mmefanya kosa la kisheria na mmemfanya maiti kabla hajafa. Baba mdogo mshukuru kwa kuhangaika, mwambie mteja angoje. Hiyo miezi ya kusahihisha dawa itumieni kwenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kueleza hali yenu na kuuliza kama kuna msamaha au kulipa kwa awamu, na kwenye bima yake kama anayo, kuuliza kifaa chenyewe kinalipiwa au inalipiwa kazi tu. Ulizeni kwa maandishi. Na kwenye hesabu yenu msiandike bei ya betri peke yake. Itakwisha, kwa kawaida kati ya mwaka wa 6 na wa 10, itabadilishwa. Kila miezi kadhaa atakwenda Dar kuipima, kuna nauli na pa kulala. Na zile dawa nne anaendelea nazo, betri haimwachishi hata moja. Familia iliyouza kila kitu kwa ajili ya kifaa, kisha ikakosa hela ya dawa, nimeiona, na sitaki kuieleza hapa.

Safari hiyo ya kliniki mwende watatu: wewe, baba, na mama yako. Mama aende kwa sababu dawa ziko mikononi mwake, na daktari ndiye atakayemwambia habari za mkeka kwa heshima, wewe usimwambie. Baba aulize maswali yake mwenyewe, hata kama ni ya hasira. Kisha mpigieni kaka simu mkiwa palepale chumbani, mwombeni daktari ruhusa, spika iwekwe, naye ayasikie kwa masikio yake.